Hesabu ya Hekta ya Tisa

Shangazi Lulong huchanja gome kwa ncha ya panga,
hunusa, hungoja kidogo, kisha hutaja jina.
Mimi nazungusha utepe, naandika,
napigilia kibati chenye namba, tunasonga.
Tangu alfajiri tumesonga hatua arobaini
na hatujakutana na aina moja mara mbili.

Ni mgongo wa kilima juu ya mto Baram,
Borneo, upande wa Sarawak.
Ruba wamekwisha kunywa chai yao mguuni mwangu.

Kwao Annelies, aliyetuajiri,
nchi tambarare, mvua nyembamba kama uzi,
aina za miti za msitu mzima zaenea vidoleni
na kidole kimoja hubaki hakina kazi.
Aliniuliza: kwa nini huku mmejaliwa hivi?
Nikamwambia, muulize anayenusa.
Shangazi akatema tambuu, akacheka:
"Hawa hawajawahi kufukuzwa."

Jibu hilohilo Annelies alilitafuta miaka mitatu
ndani ya mirija ya tope,
tope la chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka.
Usiku mmoja akaniita kwenye hadubini.
Nikaona punje za chavua,
nyingine laini, nyingine na miiba,
zimekaa gizani miaka elfu ishirini
na bado zajua zilikuwa za nani.

Zama hizo, akasema, bahari ilikuwa imejikunja,
maji yamelala barafu kwenye ncha za dunia.
Kutoka hapa ungekwenda Sumatra kwa miguu,
ukivuka mito ambayo leo waijuao ni samaki.
Kusini mvua ikapunguza posho.
Nyasi zikaja, misonobari ikaja,
miti ya kivuli ikafunga virago
na mingi ikafia njiani: mti hauna miguu,
una mbegu tu, na mbegu haina hakika.
Lakini hapa mgongoni ukungu haukukosa zamu.
Waliokuwapo wakabaki.
Waliobaki wakazaa.
Waliozaliwa wakagombea kila upenyo wa jua,
wakagawana: wewe mfinyanzi, mimi mchanga,
wewe kileleni, mimi kando ya kijito,
mpaka ndugu wakasahauliana majina.

Usione yasimama, yaliundwa,
na fundi wake ni muda usiokatika.

Nilipokuwa na miaka saba, engkabang zilidondoka
mwezi mzima, usiku na mchana, juu ya bati letu.
Tulikamua mafuta, wali ukang'aa,
nguruwe mwitu wakanenepa wakasahau kukimbia.
Lilitangulia jua kavu la wiki kadhaa
na usiku wa kujifunika mablanketi mawili.
Hiyo ndiyo kengele yao. Kilima kizima huisikia
kikachanua pamoja, kama darasa linavyosimama.

Sasa usiku haupoi.
Au kiangazi chaja, chapiga kengele,
kisha chaichoma shule.
Moshi wa mwaka ule ulikula nasi mezani.
Kwenye daftari langu, safu ya iliyokufa
imeanza kumwagikia ukurasa wa pili,
na ianzayo kuanguka ni ile mirefu,
ile ambayo utepe wangu haukuitosha.

Hawajawahi kufukuzwa.
Kwa hiyo hawajui kuhama.

Jioni, kibati namba elfu moja mia nne na kumi na saba.
Mti mwembamba, gome kijivu, mkono wangu waukumbata.
Shangazi akachanja, akanusa, akangoja.
Akanusa tena, macho amefumba.
"Huyu sikuambiwa," akasema.
Nikamuuliza, basi niandike nini?
Akafuta panga kwa jani.
"Andika unene wake. Jina liachie nafasi."

Nimeiacha. Upana wa vidole viwili.